Sukari inavyoshika mukuba (shaba): fanya jaribio hili nyumbani, utaelewa dawa za kansere zenye miale

Wiki tatu zilizopita tantine wangu wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, alinipigia simu, jirani yake alikuwa ametoka India, na huko walimtia dawa yenye miale kwa mshipa juu ya kansere. Tantine akaniuliza, "Mwana, wewe njo unafundisha kemia, niambie, ile chuma yenye miale ikishaingia kwa damu inajuaje njia ya kwenda kwa kansere? Si itatembea mwili mzima?" Sikumjibu palepale. Ni swali zuri kabisa, wale wanaotengeneza hizi dawa wanaamka nalo na kulala nalo, nikaona afadhali nimuonyeshe kwa macho kuliko kumtajia majina magumu kwa simu. Jumamosi akafika, tukafanya jaribio kwenye meza ya barza, na sasa nawaandikia vile tulifanya ili nanyi mufanye, hasa walimu wa sekondari ambao labo yenu iko na makopo tu na kabati tupu.

Mbele ya yote: ndani ya hili jaribio hamna miale hata kidogo. Tunatumia mukuba ya kawaida, isiyo na miale. Na mtu asiniletee jiwe lolote la kuchimbwa eti "prof, tujaribu na hii", mawe ya huku kwetu mengine yana uraniumu ndani, acheni pale yalipo.

Sasa shida yenyewe. Chuma (hapa nasema metali yoyote) peke yake haina adresi. Madini ya Shinkolobwe, pale karibu na Likasi, njo yalikuwa yanapelekwa Olen kule Ubelgiji kutoa radiumu kuanzia 1922, na hiyo radiumu ilitibu kansere za watu wengi, lakini waganga walikuwa wanaifungia ndani ya visindano vya chuma, wanavichomeka pale penye uvimbe, kiisha wanavitoa. Radiumu haikutembea, ilibaki pale mkono ulipoiweka. Leo wanataka dawa ipite kwa damu ifike hata pale mkono haufiki, sawa kansere ikishatawanyika kwa mifupa, na hapo chuma inahitaji mbebaji. Mbebaji akiiachilia njiani, kila chuma iko na pake pa kukimbilia: itriamu inaenda kwa mifupa, mukuba inadakwa na albumini, protini ya damu, na mingi inaishia kwa ini, skandiamu inadakwa na transferini, ile protini inayobeba chuma ya damu yenyewe. Kwa hiyo tantine alikuwa na haki ya kuogopa.

Mbebaji anayetumika mingi leo ni kizimba kinaitwa DOTA. Muone pete ya atomi yenye mikono minne, chuma inakaa katikati na mikono inaifunika. Kwa ubavu wa kizimba wanaunganisha kitu kinachojua njia, kipande cha protini kinachotafuta seli za kansere fulani. Lutesiamu-177, chuma yenye miale, ikibebwa hivi iliruhusiwa Marekani 2018 kwa kansere fulani za tumbo na kongosho, na 2022 kwa ile ya prostati. Inafanya kazi. Lakini DOTA kwa chuma nyingi inataka moto, nyuzi 90 na kitu, ndipo chuma iingie vizuri ndani. Kipande kidogo cha protini kinavumilia, ila protini kubwa sawa antikorpu, askari wa mwili, ukiipasha hivyo imekwisha, ni yai ukishalichemsha, halirudi kuwa bichi.

Hapa njo sukari ya bakteria wa bahari inaingia. Kule chini ya bahari kuko chemchemi za moto, binadamu waliziona mara ya kwanza 1977 karibu na visiwa vya Galápagos, maji yanatoka ya moto sana, yamejaa chuma za kila aina, giza tupu, na bado kuko minyoo na bakteria wanaishi hapo. Mmoja anaitwa Alteromonas infernus, alitoka kwenye mnyoo mkubwa wa bomba kule Guaymas, ghuba ya California, upande wa Meksiko. Mwingine ni Vibrio diabolicus, alitoka kwenye mnyoo mwingine wa Pasifiki ya mashariki. Majina ya jehanamu na shetani, juu ya pale walipotolewa. Hawa bakteria ukiwapa glukozi ndani ya tanki la labo, kwa presha ya kawaida, wanatoa ute mzito nje ya mwili wao. Ute huo ni sukari, siyo sukari ya chai, ni mnyororo mrefu, ule wa infernus uzito wake unapita milioni moja kwa molekuli moja. Kule Nantes, Ufaransa, taasisi ya bahari ya Ifremer ndio wamezisoma kwa miaka mingi, wakaziita infernani na diabolikani, na mji huohuo wa Nantes uko na siklotroni ya ARRONAX inayotengeneza chuma zenye miale za hospitali, skandiamu-44 na mukuba-64 zikiwemo. Mtu akakaa akafikiri: hii sukari imezoea kuishi katikati ya chuma, je haiwezi kubeba ya kwetu?

Sababu ya kemia ni hii moja, muishike. Sukari ya chai haina chaji. Zile za baharini zina asidi za uroniki, yaani kila hatua chache za mnyororo kuko mkono wenye chaji hasi, na infernani iko pia na silfati. Chuma ikiwa kwenye maji ina chaji chanya. Hasi na chanya zinavutana, mikono miwili mitatu inakutana juu ya chuma moja, imeshikwa. Na hakuna haja ya moto.

Infernani hamutaipata soko ya Kenya hapa Lubumbashi. Tunatumia ndugu yake, alginati ya sodiamu, E401. Inatoka kwa mwani wa bahari, lakini kuko bakteria pia wanaitengeneza, na imejaa asidi za uroniki pia. Watu wa keki za kisasa wanaiagiza. Angalisho: musinunue ile ya madaktari wa meno. Mimi nilinunua hiyo mara ya kwanza juu ilikuwa bei nzuri, nikaikoroga, nikageuka kutafuta seringe, kurudi nakuta imeshaganda ndani ya kopo na kijiko kimesimama ndani wima. Ya meno wanachanganya na jasi, kalsiamu yake inashika alginati palepale. (Kwa upande mwingine, somo lenyewe lilikuwa limeshaanza, ila sikuwa na wanafunzi wa kuwaonyesha.)

Vitu vingine: silfati ya mukuba, ile ya buluu wakulima wanapulizia tomate, chukua ile fuwele tupu, siyo ile iliyochanganywa na chokaa. Maji ya batri yasiyo na asidi, yaani maji safi yaliyoondolewa madini, juu maji yetu ya foraji yanatoka kwenye mawe ya chokaa na kalsiamu yake itakutilia mabonge. Seringe bila sindano. Ndimu au limao. Chumvi. Kloridi ya kalsiamu kidogo. Bikarbonati ya keki. Unga wa muhogo kidogo. Amonia ya kusafishia. Na EDTA, unga unaoshika chuma kwa nguvu, hiyo ndiyo ngumu kupata, uliza kwa wenye labo za kupima maji, gramu chache tu zinatosha. Glavu kwa mikono, na makopo mutakayotumia yasirudi jikoni tena, silfati ya mukuba ni sumu ikinywewa na watoto wanavutwa na ile buluu.

Jioni ya mbele, pima gramu 2 za alginati kwa mililita 100 za maji. Usimwage unga wote mara moja, utapata mabonge yenye unga mkavu ndani, nyunyiza kidogo kidogo huku unakoroga, sawa unasonga bukari ya mgonjwa. Funika, lala. Asubuhi itakuwa laini, nzito, bila mapovu. Kwa kopo lingine weka gramu 2.5 za silfati ya mukuba kwa mililita 100 za maji, itakuwa buluu ya anga la mwezi wa tano. Pika pia uji mwepesi wa muhogo, uache upoe. Na kopo moja la maji ya sukari ya chai.

Anza na vile visivyoshika, watu wengi wanaruka hapa na ndio maana hawaelewi mwisho. Vuta maji ya sukari kwa seringe, dondosha ndani ya buluu. Hamna kitu, yanapotea. Vuta uji wa muhogo, dondosha: unazama kidogo, unatawanyika, ukichota kipande chake na kukisuuza buluu inaondoka, uji unabaki mweupe. Muhogo ni mnyororo mrefu wa sukari pia, lakini haina mikono yenye chaji. Sasa alginati. Shika seringe juu ya kopo sentimita 5 hivi, sukuma polepole, tone moja moja. Tone likigusa maji linakuwa chembe palepale, la duara, kwanza ngozi tu ya buluu na katikati maji, kiisha dakika kumi baadaye limekaza hadi ndani, ukilibinya linarudi sawa jicho la samaki. Tantine alikaa kimya akadondosha kama hamsini hivi bila kusema neno, kiisha akasema "sasa njo nimeona, inaivaa mukuba sawa nguo." Ni hivyo kabisa.

Chuja kwa kachujio, suuza mara tatu kwa maji safi. Buluu inabaki ndani ya chembe.

Watu wengi wataishia hapo wapige picha waseme sukari inabeba chuma, tumemaliza. Hapana. Kushika ni nusu ndogo ya kazi, hata sifongo inashika maji. Kitu ambacho mgonjwa anahitaji ni mbebaji asiyeachilia njiani mbele ya watu wote wa damu wanaoitaka ile chuma. Kwa hiyo sasa tunaiweka chembe kwenye majaribu, na hapa muchukue muda wenu.

Panga makopo matano, kila moja chembe kumi na mililita 20 za maji. La kwanza maji safi. La pili chumvi, gramu 9 kwa lita, sawa serumu ya hospitali. La tatu chumvi hiyohiyo na kloridi ya kalsiamu, gramu 0.3 hivi kwa lita, juu damu nayo iko na kalsiamu. La nne maji ya ndimu. La tano EDTA, gramu 3.7 kwa mililita 100 za maji, ikikataa kuyeyuka ongeza bikarbonati kidogo kidogo, itatoa povu, ngoja povu litulie. Andika saa kwenye kila kopo. Angalia baada ya dakika 10, saa 1, na kesho yake asubuhi. Kujua kama mukuba imetoka, chota maji ya kopo bila chembe, tia tone mbili za amonia: kukiwa na mukuba huru inageuka buluu ya nguvu sana, nzito kuliko ile ya mwanzo.

Maji safi: hamna kitu, hata kesho yake. Chumvi: chembe zinavimba polepole, kwetu asubuhi amonia ilionyesha buluu hafifu, sodiamu ni dhaifu lakini ni mingi, inasukumana. Na kalsiamu hivyohivyo, hafifu, juu alginati inapenda mukuba kuliko kalsiamu, mpangilio wake unajulikana: risasi ya kwanza, mukuba inafuata, kalsiamu iko nyuma. Mapenzi hayo ya kuchagua yana faida yake, miaka ya 1960 watafiti wa Kanada walionyesha alginati ikiliwa inapunguza stronsiamu yenye miale kuingia mwilini kutoka tumboni, yaani inaikamata ndani ya matumbo na kutoka nayo.

Ndimu ni hadithi nyingine. Ndani ya dakika kumi rangi inaanza kutoka pembezoni mwa chembe kuelekea katikati, chembe zinabaki zimepauka karibu nyeupe na maji ndio yanachukua rangi. Asidi imeweka hidrojeni juu ya mikono, mikono imejaa, mukuba imeachwa, na asidi ya sitriki yenyewe inaivuta kwake. Hii siyo mchezo tu: ndani ya seli kuko vifuko vya kumeng'enya, lisosomu, na mle asidi inafika pH 4.5 hadi 5. Haina ukali wa ndimu, lakini mbebaji akimezwa na seli njo anapofikia. Nilimwambia tantine, dawa nzuri ikiachilia chuma *ndani* ya seli ya kansere hakuna hasara sana, kazi imefika, ikiachilia ndani ya seli ya ini ni mambo mengine.

EDTA sasa. Musiende kufanya kitu kingine, kaeni muangalie. Chembe zinalainika, zinakuwa ute, zinapotea, na kopo lote linakuwa buluu safi bila chembe hata moja. EDTA ni kizimba, binamu wa DOTA, na imeichukua mukuba yote toka kwa sukari. Nguvu ya EDTA kwa mukuba wanakemia wanaiandika 18.8 kwa logi, yaani namba yenye tarakimu 19. Ukitia amonia kwenye kopo hilo rangi haibadiliki vile ulivyoona kwa makopo mengine, juu mukuba haiko huru, iko kizimbani.

Hapo ndipo nilimjibu tantine. Sukari inashika upole na haraka bila moto, kizimba kinashika kwa nguvu. Wale wanaofanya kazi na sukari za baharini wanatafuta kuipa sukari nguvu zaidi bila kuipoteza ile upole, na njia moja ni kuiongezea silfati, nyingine kuikata mnyororo uwe mfupi ili upite vizuri mwilini. Na kuko kitu ambacho kizimba tupu hakina: infernani iliyokatwa na kuongezewa silfati inafanana na heparini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, ina kazi yake yenyewe kwa protini za mwili, kwenye panya wenye kansere ya mfupa ilipunguza kansere kuruka kwenda kwa mapafu. Kwa hiyo mbebaji na dawa vinaweza kuwa kitu kimoja. Bado ni kazi ya labo, mtu asiwauzie sukari ya bahari eti inatibu kansere.

Kwa walimu, kuko mambo mawili ya kuongeza kwa ubao, wanafunzi wangu waliyapenda.

La kwanza ni usafi. Kukata mnyororo wa hizi sukari kwa kawaida wanatumia maji ya oksijeni (peroksidi ya hidrojeni) pamoja na chumvi ya mukuba inayosaidia kukata, yaani sukari inatoka pale tayari imeshika mukuba mikononi, lazima wasafishe kwa rezini inayovuta chuma. Kwa nini wasumbuke hivyo? Fanyeni hesabu. Mukuba-64 nusu yake inaisha kwa saa 12.7. Gigabekereli 1 ya mukuba-64, yaani atomi bilioni moja zinavunjika kila sekunde, ni atomi ngapi? Zidisha bilioni moja kwa sekunde 45,720, kiisha gawanya kwa 0.693, utapata atomi 66 na sifuri kumi na mbili nyuma, uzito wake nanogramu 7 tu. Milioni ya nanogramu njo inafanya miligramu moja. Sasa sukari ikiwa na takataka kidogo tu ya mukuba ya kawaida, ile ambayo sisi huku tunaikanyaga barabarani, mikono yote imeshajaa kabla mgeni hajafika. Mwanafunzi mmoja akasema "Prof, kumbe kwetu tungeosha makopo mwaka mzima." Ni kweli.

La pili ni saa. Mbebaji anatakiwa ashikilie muda uleule chuma inaishi. Skandiamu-44 ya kupigia picha nusu yake ni saa 4 hivi, ukiitoa Nantes asubuhi, baada ya saa 24 inabaki sehemu 1 kwa 64, haifiki Lubumbashi. Mbebaji wake anahitaji kuvumilia nusu siku tu. Skandiamu-47, ya kutibu, nusu yake siku 3.35, mbebaji wake lazima avumilie wiki. Ni elementi moja, kemia moja, lakini mtihani siyo mmoja. Ndiyo maana kwa labo za kweli wanachanganya na serumu ya damu kwa nyuzi 37, wanapima tena na tena kama vile ninyi muliandika saa kwenye makopo, ila wao wanafuata miale kwenye karatasi badala ya rangi ya buluu.

Mukimaliza, musimwage buluu kwenye mtaro. Kusanya ile iliyobaki ya silfati na maji ya kusuuzia kwa ndoo ya plastiki, tupa ndani misumari ya chuma iliyosuguliwa. Ndani ya nusu saa misumari inavaa nyekundu, ni mukuba inatulia juu ya chuma, na kesho buluu yote imeisha, maji yamekuwa ya kijani kidogo. Chembe zikaushe juani, zifunge kwa karatasi, weka mbali na watoto na kuku. Kopo la EDTA liache peke yake, usilimwage kwenye ndoo ile, mukuba yake haitakubali msumari kwa haraka hivyo, tantine aliuchovya mmoja akangoja hadi saa ya kurudi Kamalondo, akautoa, ulikuwa bado wa kijivu.